Breki za upepo: zinavyoshika, zinavyoshindwa, na leseni inayozihitaji Marekani na Kanada

Lori likiacha barabara kwenye mteremko, maelezo yanayosikika kwanza ni kwamba upepo uliisha, breki zikafeli. Kwa gari lenye breki za upepo zilizo kamili, maelezo hayo yamegeuza mambo juu chini. Upepo ukiisha, breki za nyuma haziachii. Zinashika zenyewe, na gari linakwama lilipo. Kinachoangusha malori mteremkoni mara nyingi ni joto, pamoja na breki ambazo hazijarekebishwa: geji inaonyesha presha imejaa, dereva anakanyaga hadi sakafuni, na gari linazidi kushika kasi.

Jambo hili linahitaji kueleweka vizuri na kila anayetaka kuendesha malori Amerika Kaskazini, ambako sasa kuna Waswahili wengi kwenye kazi hiyo, kutoka Kongo, Kenya, Tanzania, Burundi na Rwanda. Marekani inatambua leseni za kigeni za magari ya biashara za nchi mbili tu, Kanada na Meksiko. Dereva aliyesukuma semi-trela Dar es Salaam hadi Lubumbashi kwa miaka mingi anaanza upya kama mwanafunzi, na katika mtihani wa vitendo sehemu ya breki za upepo ndiyo isiyosamehe kosa.

Upepo unapita wapi

Kompresa imefungwa kwenye injini na inazungushwa kwa gia au mkanda. Inavuta hewa, inaigandamiza, inaisukuma kwenye matangi. Govana ndiyo inayoamua lini kompresa ipakie na lini ipumzike. Presha ikifika karibu psi 125 (yaani paundi kwa inchi ya mraba) inakata, ikishuka hadi karibu 100 inaruhusu kupakia tena. Malori mengi ya sasa hukata kati ya 120 na 140, kwa hiyo namba ya kuamini ni ya mtengenezaji wa gari hilo. Waliozoea geji zinazosoma kwa bar wakumbuke kwamba bar 1 ni psi 14.5, hivyo psi 125 ni kama bar 8.6. Govana ikikwama na kuacha kukata, vali ya usalama kwenye tangi la kwanza hufunguka, kwa kawaida kwenye psi 150. Ukiisikia ikitoa upepo, kuna kitu kimeharibika na gari lipelekwe kwa fundi hata kama breki bado zinashika.

Hewa iliyogandamizwa hupata joto, na ikipoa unyevu wake unageuka maji. Ndiyo maana kuna kikausha hewa kati ya kompresa na matangi, na ndiyo maana tangi la kwanza hukusanya maji kuliko mengine. Kwenye joto la Mombasa maji hayo yataleta kutu. Kwenye baridi ya Minnesota au Manitoba yataganda ndani ya vali, na breki zitakataa kushika au kuachia. Matangi yasiyo na vali za kujimwaga yenyewe yamwagwe kila mwisho wa siku ya kazi. Ukiona mafuta yametoka pamoja na maji, kompresa imeanza kupitisha oili ya injini, na oili hiyo inaharibu mipira ya vali na dayaframu, ile ngozi ya mpira inayosukumwa na upepo ndani ya breki.

Baada ya tangi la kwanza, mfumo unagawanyika mara mbili. Tangi moja kwa kawaida linahudumia ekseli za nyuma, jingine ekseli ya mbele, na kila moja lina vali ya njia moja inayozuia upepo kurudi ulikotoka. Kwa hiyo dashibodi ina geji mbili, au geji moja yenye mishale miwili. Mpira wa upepo ukipasuka upande mmoja, upande wa pili unabaki na presha ya kusimamishia gari. Kanuni za shirikisho la Marekani zinataka ujazo wa matangi ya lori uwe angalau mara 12 ya ujazo wa chemba zake zote za breki, na wa tela angalau mara 8. Akiba hiyo inatosha kukanyaga mara kadhaa hata injini ikizimika. Lakini si ya kuchezea: oili ya breki za gari dogo hurudi mahali pake ukiachia pedali, na upepo uliotumika hutupwa nje. Kila ule mlio wa kupumua unaousikia lori linapoachia breki ni presha iliyokwenda. Dereva anayekanyaga na kuachia haraka haraka anaweza kumaliza upepo haraka kuliko kompresa inavyoweza kuurudisha.

Pedali yenyewe haisukumi breki kwa nguvu ya mguu. Inafungua vali, na kadiri unavyokanyaga zaidi ndivyo presha kubwa zaidi inavyopita. Ukinzani unaousikia mguuni ni wa springi iliyo ndani ya vali, kwa hiyo mguu haukuambii kama breki zimeshika vizuri kama unavyokuambia kwenye gari dogo. Presha hiyo inafika kwenye chemba ya breki, ile mafundi wengi wanayoiita busta, na kusukuma dayaframu. Chemba ya namba 30 ina dayaframu yenye eneo la inchi 30 za mraba. Kwa psi 100 inasukuma kwa paundi 3,000, karibu kilo 1,360. Dayaframu inasukuma fimbo, fimbo inasukuma mkono uitwao slaki ajasta, mkono unazungusha shafti ambayo mwisho wake una kemu yenye umbo la herufi S, na kemu hiyo inapanua viatu vya breki hadi viisugue dramu kwa ndani. Malori mapya mengi yana diski badala ya dramu, ila njia ya upepo hadi kwenye chemba ni ileile.

Safari hii inachukua muda. Kitabu cha leseni cha Marekani kinahesabu nusu sekunde au zaidi kati ya kukanyaga na breki kuanza kushika. Kwa maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88, ucheleweshaji huo peke yake unakula futi 32 za barabara, kama mita 10. Ukijumlisha muda wa kuona hatari, muda wa mguu kuhama, ucheleweshaji wa upepo na breki kufanya kazi kwenye lami kavu, umbali wa kusimama unapita futi 450, karibu mita 137.

Springi inayosubiri upepo uondoke

Nyuma ya chemba nyingi za ekseli za nyuma kuna chemba ya pili yenye springi kubwa iliyobanwa. Presha ya upepo ndiyo inayoibana. Ikiondoka, springi inajitandaza, inasukuma fimbo ileile, na breki zinashika. Hiyo ndiyo breki ya kuegeshea na ndiyo breki ya dharura. Ukivuta kitufe cha njano cha pembe nne kwenye dashibodi, hupeleki upepo popote: unautoa, springi inafanya kazi yake. Ukikisukuma ndani, upepo unaingia na kuibana tena.

Upepo, basi, una kazi mbili zinazopingana kwenye gari moja. Upande mmoja unashikisha breki, upande wa pili unazizuia zisishike. Ukilielewa hili, nusu ya maswali ya mtihani yanajijibu.

Presha ikivuja taratibu barabarani, kwanza taa na buza vinakuonya. Ukipuuza, springi zinaanza kuburuza, na presha ikifika kati ya psi 45 na 20 zinashika kabisa. Kwenye lami yenye barafu, kushika ghafla hivyo kunaweza kulilaza gari. Onyo likitokea, simama mahali salama mara moja ungali na upepo wa kuidhibiti breki mwenyewe.

Mambo mawili kuhusu springi huua au huvunja. La kwanza, springi hiyo imebanwa kwa nguvu kubwa sana, na chemba yake isifunguliwe na mtu asiye fundi wa kazi hiyo. Kuna boliti maalumu ya kuifungia springi kabla ya chemba kuguswa, na watu wamepoteza maisha kwa kufungua bendi ya chemba bila boliti hiyo. La pili, usikanyage pedali kwa nguvu wakati breki ya kuegeshea imeshika. Nguvu ya upepo na ya springi zinajumlishana kwenye fimbo moja na zinaweza kupinda au kuvunja viungo. Magari mengi yana vali ya kuzuia hali hiyo, lakini si yote.

Mipira miwili ya tela

Kati ya kichwa na tela hupita mipira miwili ya upepo. Mwekundu ni wa kujaza: unapeleka upepo kwenye matangi ya tela na kuziachia springi zake. Wa buluu ni wa kazi: unabeba agizo la pedali. Kitufe chekundu cha pembe nane kwenye dashibodi ndicho kinachofungua upepo kwenda kwenye tela.

Mpira wa buluu ukichomoka, huenda usijue kitu mpaka ukanyage. Hapo upepo unatoka nje kwa kasi na tela halisaidii kusimama. Mpira mwekundu ukichomoka, breki za tela zinashika papo hapo, na vali ya kulinda kichwa inafunga ili kichwa kisipoteze upepo wake. Vali hiyo hiyo inafunga na kitufe chekundu kinaruka nje chenyewe presha ya kichwa ikishuka hadi kati ya psi 45 na 20.

Mipira ikifungwa kinyume kwenye tela lenye springi, upepo wa kujaza unaingia njia ya kazi, matangi hayajai, na tela linakataa kwenda. Tela lililotengenezwa kabla ya 1975 huenda halina springi kabisa. Hilo litakwenda vizuri tu, na utagundua barabarani kwamba huna breki za tela. Kabla ya kuondoka, jaza upepo, shikisha breki za tela peke yake, kisha vuta kidogo kwa gia ya chini. Likikaa, tela limeshika na ndoano imefunga. Na ile breki ya mkono ya tela isitumike kuegeshea, kwa sababu inategemea upepo, na upepo huvuja.

Kwa nini breki hufeli upepo ukiwa umejaa

Fimbo ya chemba ina mwendo wenye mwisho. Kwenye chemba ya kawaida ya namba 30 mwendo wote ni inchi 2.5. Ikikanyagwa kwa nguvu, fimbo hiyo isitoke zaidi ya inchi 2. Kwa chemba za namba 16, 20 na 24 za kawaida kikomo ni inchi 1 na robo tatu. Zipo chemba za mwendo mrefu, ambapo namba 30 inaruhusiwa inchi 2.5, kwa hiyo soma alama kwenye chemba kabla ya kuhukumu.

Viatu vikilika, nafasi kati yake na dramu inaongezeka, na fimbo inalazimika kwenda mbali zaidi. Kwenye yadi, dramu ikiwa baridi, fimbo inatoka inchi 2 na robo na breki inashika. Dereva anaona kila kitu sawa. Kisha anaingia mteremko mrefu, kama Interstate 70 unaposhuka kutoka Eisenhower Tunnel kule Colorado, au Kitonga kwa wanaoijua barabara ya Iringa. Anashikilia breki. Dramu inapata joto na kutanuka, inajitenga na viatu. Fimbo inafuata, inafika mwisho wa chemba, na hapo nguvu yote ya upepo inaishia kwenye ukuta wa chemba badala ya kwenye dramu. Wakati huohuo lainingi, yaani tabaka la msuguano juu ya viatu, zikipata joto kupita kiasi zinapoteza msuguano. Breki chache zilizorekebishwa vizuri zinabeba kazi ya zote, zinaungua, nazo zinaachia.

Akivuta kitufe cha njano wakati huo, springi inasukuma fimbo ileile iliyokwisha mwendo. Breki ya dharura haina dramu yake wala viatu vyake. Gari ambalo breki zake hazijarekebishwa halina breki ya dharura, hata kitufe kikiruka nje kama kawaida.

Kupima ni kazi ya dakika chache na inastahili kufanywa kwa moyo wote. Egesha mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, achia breki ya kuegeshea, zima injini. Vaa glavu, vuta kila slaki ajasta unayoweza kuifikia. Ikicheza zaidi ya inchi moja pale fimbo inapoungana nayo, inahitaji kurekebishwa. Kipimo cha uhakika zaidi ni cha kukanyaga: chora alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba, hakikisha presha iko kati ya psi 90 na 100, mwenzako akanyage hadi mwisho, kisha pima alama imesogea inchi ngapi.

Magari yenye breki za upepo yaliyotengenezwa Marekani tangu Oktoba 1994 yana slaki ajasta zinazojirekebisha zenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Zikikuta zimelegea, wanazikaza kwa spana na kuendelea na safari. Ajasta ya kujirekebisha iliyolegea inakuambia yenyewe ni mbovu, au imefungwa vibaya, au bushi za kemu zimelika. Ukiikaza kwa mkono, kipimo kitakuwa kizuri leo na kitarudi palepale baada ya muda mfupi, tena mteremkoni. Ipelekwe kwa fundi itafutwe chanzo.

Wakaguzi wa barabarani wanatumia hesabu rahisi: asilimia 20 ya breki zikiwa na kasoro, gari halitoki hapo. Semi-trela ya kawaida ya ekseli 5 ina breki 10. Mbili zikizidi mwendo wa fimbo, safari imekwisha mpaka zitengenezwe.

Kushuka mlima, kwa hiyo, ni kazi ya injini kwanza. Ingia gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, kwa sababu gari likishashika kasi huenda gia isikubali kuingia. Washa breki ya injini kama lami ni kavu. Kwenye barafu au maji inaweza kuyafanya magurudumu ya nyuma yateleze. Kama mwendo wako salama ni maili 40 kwa saa, subiri ufike 40, kanyaga kwa nguvu ya kutosha ushuke hadi 35 ndani ya sekunde kama 3, kisha achia kabisa. Rudia. Kukanyaga kidogo mfululizo, jambo ambalo madereva wengi hudhani ni la upole, ndiko kunakopika dramu. Ukifika chini breki zikiwa zimechemka sana, usivute breki ya kuegeshea hapohapo. Weka kabari, ziache zipoe.

ABS ni ya lazima kwenye vichwa vilivyotengenezwa tangu Machi 1, 1997 na kwenye malori mengine, mabasi na matela ya breki za upepo tangu Machi 1, 1998. Inazuia magurudumu kufunga, na hivyo inakusaidia kuendelea kuongoza gari. Haiongezi nguvu ya breki iliyolegea.

Ukaguzi ndani ya kibanda

Huu ndio mtihani wenyewe, na ndio ukaguzi wa kila asubuhi. Mbele ya mtahini unaufanya huku ukitaja kwa sauti unachokifanya na namba unayoitarajia. Ukikosea sehemu ya breki za upepo, umefeli ukaguzi mzima, hata kama ulitaja kila taa na kila boliti bila kosa.

Anza kwa kuweka kabari. Washa injini, acha presha ipande. Kwenye mfumo wa matangi mawili, kutoka psi 85 hadi 100 isichukue zaidi ya sekunde 45 injini ikiwa kwenye mzunguko wa kazi. Ikichelewa, kompresa imechoka au kuna uvujaji. Subiri govana ikate, usikie upepo ukitoka kwenye kikausha hewa, taja presha iliyofikia.

Zima injini, rudisha ufunguo kwenye umeme bila kuwasha, sukuma vitufe vyote viwili ndani ili springi ziachie. Acha presha itulie, kisha tazama geji kwa dakika moja bila kukanyaga. Gari lisilo na tela lisipoteze zaidi ya psi 2, lenye tela lisipoteze zaidi ya psi 3. Sasa kanyaga pedali na uishikilie kwa dakika nzima. Baada ya ule mshuko wa kwanza, kikomo ni psi 3 kwa gari moja na psi 4 kwa lenye tela. Watahiniwa wengi huhesabu kuanzia wanapogusa pedali, wanaona presha imeshuka sana, wanababaika. Mshuko wa kwanza hauhesabiwi, kwa sababu upepo ulikuwa unajaza chemba.

Halafu kanyaga na kuachia mfululizo, umeme ukiwa bado umewashwa, uishushe presha. Kanuni ya shirikisho inataka taa au buza ya onyo vitokee kabla presha haijapita chini ya psi 55. Baadhi ya vitabu bado vinataja 60, kwa hiyo soma cha jimbo utakakofanyia mtihani na utumie namba hiyo. Umeme ukiwa umezimwa onyo halitatokea kamwe, na hilo ni kosa la kawaida sana. Endelea kukanyaga na kuachia. Karibu psi 40, na kwa vyovyote kati ya 45 na 20, vitufe vyote viwili viruke nje vyenyewe. Visiporuka, gari hilo halina kinga upepo ukiisha, na lisiondoke.

Washa injini, jaza upepo tena. Jaribu breki ya kuegeshea kwa kuvuta taratibu kwa gia ya chini, kwanza ya kichwa, kisha ya tela. Mwisho, nenda mbele kwa maili 5 kwa saa na ukanyage pedali. Gari likivutia upande mmoja, breki zina shida.

Leseni: Marekani inanyima, Kanada inaongeza

Marekani, wengi husema wanatafuta kibali cha breki za upepo. Kibali hicho hakipo. Mwenye leseni ya biashara, ile iitwayo CDL, anaruhusiwa kuendesha gari lenye breki za upepo, isipokuwa leseni yake imewekewa kizuizi. Kizuizi hicho ni herufi L. Unakipata ukifeli mtihani wa maandishi wa breki za upepo, au ukifanyia mtihani wa vitendo kwenye gari lisilo nazo. Ipo pia herufi Z kwa aliyefanyia mtihani kwenye gari ambalo upepo unasukuma mfumo wa oili. Huyo haruhusiwi gari ambalo breki zake zote ni za upepo. Mwenye L hawezi kuendesha semi-trela hata siku moja, kwa hiyo leseni ya daraja A yenye L haina faida kubwa sokoni. Kabla ya kulipa ada ya shule, uliza utafanyia mtihani kwenye gari gani, na kama lina gia za mkono, kwa sababu la gia za kujiendesha litakuletea kizuizi kingine, E.

Breki za upepo peke yake hazikulazimishi kuwa na CDL kwa sheria ya shirikisho. Kinacholazimisha ni uzito, abiria na shehena. Daraja A ni kwa gari na tela vyenye jumla ya paundi 26,001 au zaidi (kilo 11,794), ikiwa tela peke yake linazidi paundi 10,000. Daraja B ni gari moja la uzito huo. Daraja C ni la gari dogo kuliko hayo linalobeba watu 16 au zaidi pamoja na dereva, au shehena hatari inayohitaji mabango.

Utaratibu unaanza na cheti cha afya, kisha mitihani ya maandishi: maarifa ya jumla, breki za upepo na, kwa daraja A, magari yenye tela. Alama ya kufaulu ni asilimia 80. Majimbo mengi huuliza maswali 25 kwenye breki za upepo, yaani ukikosa 6 umefeli. Ukifaulu unapewa kibali cha mwanafunzi, na hupaswi kufanya mtihani wa vitendo kabla ya siku 14 kupita. Tangu Februari 7, 2022, anayetafuta CDL ya daraja A au B kwa mara ya kwanza lazima amalize mafunzo kwa mkufunzi aliyeandikishwa kwenye rejista ya shirikisho. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa na serikali kuu. Kuna mada, na alama ya asilimia 80 kwenye nadharia. Shule isiyo kwenye rejista hiyo haiwezi kukufikisha kwenye mtihani, hata bei yake ikivutia.

Mtihani wa vitendo una sehemu tatu: ukaguzi wa gari, kulidhibiti uwanjani, kisha barabarani. Hauruhusu mkalimani. Tangu Juni 25, 2025, dereva anayeshindwa kujieleza kwa Kiingereza au kusoma alama za barabarani anaweza kusimamishwa kazi hapohapo na wakaguzi. Kwa msomaji wa Kiswahili ushauri ni mmoja: elewa mfumo kwa lugha yako, kisha kariri maneno ya ukaguzi kwa Kiingereza ukiwa umesimama mbele ya gari lenyewe, mkono ukigusa kila kifaa unachokitaja.

Aliyekwisha kupata L anaweza kuiondoa. Anafanya mtihani wa maandishi wa breki za upepo, kisha mtihani wa vitendo kwenye gari lenye breki hizo. Yale mafunzo ya lazima ya 2022 hayamhusu anayeondoa kizuizi tu.

Kanada imeifuata njia ya kinyume: ruhusa ya breki za upepo inaongezwa kwenye leseni, na kila jimbo lina alama yake. Ontario ni Z, Alberta ni Q, Quebec ni F, British Columbia ni namba 15. Ndiyo maana matangazo ya kazi ya Toronto huandika AZ au DZ, yaani daraja pamoja na breki za upepo. Ontario inataka mtihani wa maandishi na wa vitendo kwa ajili ya Z, na kwa daraja A mafunzo yasiyopungua saa 103.5, sharti lililoanza Julai 1, 2017. Tofauti nyingine ni kwamba kule Z inahitajika hata kwa gari dogo la daraja G, kama nyumba ya magurudumu, alimradi lina breki za upepo. Na kwa kuwa Marekani inaitambua leseni ya Kanada jinsi ilivyo, dereva wa Ontario anayevuka mpaka Windsor kuelekea Detroit anavuka na ruhusa zilizoandikwa juu yake tu. Kama Z haipo Ontario, upande wa pili wa mto pia haipo.